Mzee Elkanah Onyancha, Aliyezilindia Pikipiki Zetu Pumzi

Tarehe 29 Februari 1968, Mzee Elkanah Onyancha, fundi mkuu wa karakana yetu ya Homa Bay, atastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika Kampuni ya Vifurushi ya Ghuba. Meneja wetu, Bwana Masese, alinipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu. Alisema mbele ya watu wote, "Wewe umesomea Kiswahili na Kiingereza na huongei na mtu, basi maneno yako yote bado unayo." Watu walicheka, nami nikaangalia mashine yangu ya chapa. Aliniagiza pia kwamba yawe maandishi ya furaha. Nimejaribu. Karatasi nilizochana zinajaza kikapu.

Mzee Onyancha ni mtu wa Nyamarambe. Ufundi wa pikipiki aliupata jeshini wakati wa vita, na mwaka wa 1946 akaajiriwa hapa, kampuni ikiwa na pikipiki moja tu ya kupeleka barua na dawa. Zilipokuja zile za magurudumu matatu, zenye sanduku la mizigo na kiti cha abiria nyuma, wafanyakazi walizipigia makofi. Yeye alizizunguka kimya, halafu akauliza, "Sasa hii itapumulia wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Injini hizi hazipozwi kwa maji kama za gari. Hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda, na waliozitengeneza walikuwa wameificha injini chini ya kiti cha dereva, upepo usikofika. Ikikosa upepo, chuma huvimba, pistoni hung'ang'ania ndani ya silinda, na hapo safari imekwisha. Mwaka ule wa kwanza zilikwama hovyo kila mlimani. Mzee akakata debe la mafuta ya taa, akalikunja mfano wa mdomo, akalifunga mbele ili limeze upepo na kuutema juu ya silinda. Akaongeza petroli kidogo kwenye kabureta, kwa sababu injini inayonyimwa petroli huchemka upesi. Wakati wa kiangazi alitia oili nzito. Tangu hapo dawa zilifika Karungu hata majuma ambayo malori yalilala kwenye matope.

Yeye ndiye aliyeleta pia desturi ya Rangwe. Kila dereva akifika sokoni Rangwe lazima asimame, ageuze uso wa pikipiki upande unakotoka upepo, na aiache ipumzike. Saa za mkononi hawakuwa nazo, basi Wasabato waliimba wimbo mmoja wa kanisani, beti zote bila kuruka, na Wakatoliki walisali fungu zima la rozari. Werema, Mkuria wetu, hakuwa huku wala huku. Alitaja majina ya ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja, pamoja na tabia zao. Wenye vibanda walimjua. "Leo hujamtaja yule wa pembe moja," walimwambia, "rudi useme!" Dereva akimaliza alidondosha tone la maji kwenye mapezi. Likiruka na kulia, anaanza upya. Ni tone moja tu. Siku zake za mwanzo Werema aliona uvivu akamwaga debe zima, na silinda ikapasuka mbele ya macho yake. Mzee hakumpigia kelele. Alimwambia, "Wewe kijana, ukitoka kulima juani mtu akakutupa ziwani, utamshukuru?"

Mimi ni mtu wa haya, na hili sijawahi kulisema. Chakula changu cha mchana nilikuwa nikikila karakanani, nikikaa juu ya tairi kuukuu, kwa sababu Mzee hakunitaka niongee. Miaka ya kelele za injini imemwondolea sehemu kubwa ya usikivu, na anapenda kukaa na mtu asiye na maswali. Ndivyo nilivyojua kitu kilichokuwa kikimkosesha usingizi.

Wenye kampuni, walio Kisumu, walikuwa wamesema kwamba Mzee akiondoka, pikipiki za magurudumu matatu ziuzwe, karakana ifungwe, mizigo ikodishiwe lori. Mzee aliwaomba jambo moja. Waione moja ikipanda kutoka Homa Bay hadi Migori na mzigo kamili, Werema akiwa usukani, yeye mwenyewe asiguse hata spana. Ikifika, karakana ibaki na Werema awe fundi. Isipofika, wafanye watakavyo. Wakakubali, na Bwana Masese akaona vyema sherehe ya kumuaga ifanyike siku hiyo hiyo huko Migori, wageni wakiwapo.

Jumapili iliyopita asubuhi tulikusanyika karakanani sisi sote. Tuliipamba pikipiki kama tulivyoyapamba magari siku ya Uhuru: matawi ya mikalitusi, maua mekundu, makuti ya minazi ya mapambo kutoka ua wa Bwana Masese, na kitambaa cheupe kilichofungwa mbele kutoka pembe hadi pembe, kimeandikwa ASANTE MZEE. Palibaki matawi, tukayasokota chini pia, kila palipoonekana chuma kitupu. Tulimketisha Mzee kwenye kiti cha nyuma na shada la maua shingoni.

"Mzee, leo wewe ndiye bwana harusi!" Werema akampigia kelele sikioni.

"Bwana harusi gani anayekalia tangi la petroli?" akajibu, na tukacheka mpaka machozi. Kutoka pale alipoketi, nyuma ya sanduku la mizigo, hakuweza kuona mbele. Sisi tuliokuwa mbele tuliona kila kitu, na tuliona kwamba kimependeza. Mimi nilifikiri sijapata kuona kitu kizuri kama kile Homa Bay.

Sisi wengine tulifuata kwa lori la kukodi, akina mama wakipiga vigelegele njia nzima. Tulipokaribia Rangwe, Mzee aliinua mkono. Watu wa sokoni walikuwa wamejipanga barabarani, nao wakainua mikono. Akaupunga kwa nguvu zaidi. Vigelegele vikazidi, vikameza sauti yake. Alijaribu kusimama, shada likamwangukia miguuni, na mtu mmoja akapaza sauti, "Mwoneni Jaduong', mzee wetu, leo anacheza!"

Mkewe, Mama Mokeira, alikuwa karibu nami kwenye lori. Akasema, "Huyo hapungi. Huyo anasimamisha."

"Mama, mwache mume wako afurahi kidogo," wakamwambia.

"Ninamjua. Pua yake haijazeeka. Amesikia harufu."

Werema hakusimama. Baadaye alituambia kwamba aliona aibu kutaja ng'ombe mbele ya umati wote ule, siku ya heshima ya namna ile, naye akadhani kwa siku moja haidhuru. Akaupita soko, akaupanda mlima ulio mbele yake. Katikati ya mlima gurudumu la nyuma lilikaza ghafla, likachora mstari mweusi barabarani, na kukawa kimya. Mzee alishuka mwenyewe. Alikwenda mbele, akatazama kitambaa kilichoziba mdomo wa debe, akatazama majani tuliyoyasokota kwenye mapezi, yaliyokuwa yamekauka na kuwa kahawia. Akaanza kuyachomoa, polepole, tawi moja baada ya jingine, kama anayemvua nguo mtoto mwenye homa. Hakuna aliyemsaidia. Tulisimama tu na nguo zetu za Jumapili.

Tuliifunga pikipiki kamba nyuma ya lori. Wenye kampuni walikuwa wamesimama nje ya ukumbi pale Migori, na hilo ndilo walilolishuhudia: lori likifika salama likivuta pikipiki. Mmoja wao alimshika Mzee mkono akamwambia, "Pole, Mzee. Lakini umejionea mwenyewe." Mbuzi alikuwa ameshaiva. Tulikula, maana haikuwezekana kutokula. Bwana Masese alisoma hotuba aliyokuwa ameitayarisha kabla, ile ya furaha, na hakuna aliyemtazama usoni.

Jumatatu Mzee alikuja kazini kama kawaida, akaifungua injini. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo kama uso wa aliyepigana na paka. Alimwita Werema, akamwonyesha kila mkwaruzo na ulipoanzia, akamfundisha somo zima, ingawa hakuna tena kazi ya kulitumia. Werema alilia. Mzee akampangusa oili shavuni, akaizidisha, kwa kuwa mkono wenyewe ulikuwa mchafu. Mimi nilikuwa juu ya tairi langu. Kwa mara ya kwanza nilifungua mdomo mle ndani. Nilisema, "Mzee, tulitaka kukuheshimu." Sidhani alinisikia. Alijibu tu, kwa sauti ile ya mtu asiyejisikia mwenyewe, "Ilikuwa imetulia vizuri sana, hii. Ingefika."

Basi tarehe 29 atatoka yeye, na karakana itafungwa siku hiyo hiyo. Mwenye duka kutoka Isebania amekwisha kuja kuzitazama pikipiki. Anataka masanduku tu, ya kutilia mahindi. Watu wa Karungu bado hawajaambiwa.

Mzee Onyancha, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kila dawa iliyofika. Nimeagizwa nikutakie mapumziko marefu na amani nyumbani kwako Nyamarambe, wewe na Mama Mokeira, nami nakutakia kwa moyo wote. Usikae karibu na barabara. Ikipita pikipiki inayochemka, usiinuke kwenda kuitazama. Haitakuwa yetu, na wewe utashindwa kuiacha.