Msiniache Nijiitikie Mwenyewe

Zima hiyo simu. Nimesema izime! Haya, kaeni chini wote wawili, na wewe binti yangu acha kunifuta jasho, sijafa bado. Nina maneno ya kuwaachia, na pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoisikia inakwaruza kama mlango wa stoo, kwa hiyo asinikatize mtu.

Nyumba ni yenu wote, msije mkapelekana mahakamani kwa ajili ya vyumba vinne na choo kinachovuja. Gitaa achukue binti, maana ndiye anayejua kulitia nyuzi bila kuzikata. Hayo yamekwisha. Sasa nakuja kwako, mwanangu wa kwanza, bwana fundi wa mitambo ya sauti, uliyeingia humu sasa hivi meno yote nje, ukaniwekea simu sikioni ukasema, "Mama, wimbo wako nimeusafisha, kule kuchelewa nimekuondoa, sikiliza." Nimesikiliza. Ningekuwa na nguvu ningekuzaba kofi.

Mama yako mdogo yuko wapi humo ndani ya wimbo? Nijibu! Wimbo ule tuliurekodi tukiwa wasichana, mimi na mdogo wangu, katika chumba kilichozibwa madirisha kwa magodoro, kipaza sauti kimoja kwa watu wote, na kwa kuwa yeye alikuwa na sauti ya kupasua, fundi wa siku zile akamsukuma nyuma mpaka mlangoni. Kutoka kule hakuuona mdomo wangu, aliona mgongo tu. Basi tukapatana: mimi nikimaliza kuita, nashusha bega, naye akiliona limeshuka ndipo anaitikia. Huko ndiko kuchelewa unakokusema wewe. Hakuchelewa, alikuwa ananitazama! Na watu waliupenda wimbo pale pale, pale unapodhani hakuna atakayeitika, halafu huyo, anaitika.

Wewe ukaona kosa. Ukamng'oa, ukachukua sauti yangu ukaibandika mahali pake, sasa naita na kujiitikia mwenyewe kama mwendawazimu wa sokoni. Aibu gani hii! Yule mwenye studio, ambaye sikumsamehe na leo simsamehe, alimwacha nje ya picha ya jalada, eti sura mbili zitawachanganya wateja, na jina lake hakuliandika. Mdogo wangu hakuacha mtoto. Alikulea wewe, alikubeba mgongoni mimi nikiwa safarini naimba, akakubembeleza kwa sauti hiyo hiyo uliyoifuta. Hana kingine alichobakiza duniani ila kuitikia kule, na mwanangu mwenyewe kamfuta kwa kidole.

Usilie. Sijamaliza kukasirika.

Kanda yenyewe iko chini ya kitanda hiki, ndani ya sufuria yenye mfuniko, maana uliponiambia kanda zile ni takataka nizitupe, nilikuitikia ndiyo baba, kisha hii nikaificha. Binti, usininunie, wewe sikupi. Nampa yeye. Ndiyo, wewe uliyemfuta, kwa sababu mashine unazo wewe. Mtoe huko ulikomtupa, mrudishe mlangoni kwake, na kuchelewa kwake, na kikohozi cha mpiga ngoma pia kiache. Lakini usiguse kifungo hata kimoja kabla hujaweza kuitikia kama yeye, kwa mdomo wako. Na siku ya kunizika ole wake atakayepiga huo uliosafishwa, nitainuka nimzabe lile kofi.

Mungu awaweke. Mkiitana, muitikiane, hata mkiwa mmekasirikiana kama mimi leo. Radhi zangu nimewapa wote, hata wewe, mjinga wangu.

Ngoja... nipeni maji. Basi, yatosha.

Simama, baba. Nenda pale mlangoni. Nyuma kidogo... hapo hapo. Binti, nigeuze niangalie ukutani, aone mgongo. Mimi naita, wewe itika. Sauti yangu itakuwa ndogo, usiitafute. Tazama bega. Usiingie mapema, baba... subiri... mpaka lishuke.