Risala ya Wafanyakazi wa Ghala la Pamoja, Kariakoo, Siku ya Kuzindua Mwongozo wa Makundi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Bi. Moza Nour, wazee wetu wafanyabiashara mnaotuamini kwa mizigo yenu, ndugu wafanyakazi:

Shikamooni wakubwa wetu. Sisi makarani, walinzi na makuli wa Ghala la Pamoja tumemtuma Vitalis Anaeli, karani wa mapokezi, asome kwa niaba yetu. Amekatazwa kuongeza la kwake.

MAKARIBISHO

Karibu sana, Mama. Tumesikia umetoka bandarini, ukaliacha gari Msimbazi na kuja kwa miguu. Pole kwa jua, lakini tumefurahi, maana umepita palepale malori yetu yanapopakiwa na kuondoka bila foleni. Miaka miwili iliyopita usingepata hata pa kukanyaga.

TULIKOTOKA

Ulipotuletea mfumo wa kompyuta wa kupokea na kutoa mizigo, tuliambiwa tuwagawe watumiaji katika makundi, kila kundi na ruhusa zake. Namna ya kugawa hatukuelezwa. Tukagawa kwa tulichokijua, yaani heshima. Nani angethubutu kumweka Mzee Hamud, mwenye duka tangu wengi wetu hatujazaliwa, kwenye kundi la Watazamaji? Umwamkie shikamoo, kisha kwenye kompyuta umwambie asiguse kitu? Wazee wote arobaini na mmoja tukawaingiza kundi la Wasimamizi, wenye ruhusa ya kila jambo.

Jumatatu moja Mzee Hamud akaona kundi la Makarani na jingine la Makarani wa Zamu. Akadhani ni lilelile limeandikwa mara mbili, akalifuta moja. Makarani ishirini na sita wakafungiwa nje ya mfumo, mizigo iko mlangoni. Malori yalijipanga hadi Msimbazi kwa siku mbili. Mzee ameturuhusu tumtaje, kwa sharti kwamba tuseme pia hakuwa amevaa miwani.

MAFANIKIO

Aliyetutoa hapo ni Jovitha Tarsis, karani wa mkataba wa muda, mkazi wa Magomeni. Alilirudisha kundi jina kwa jina. Kisha kwa miezi minane akakaa na kila mmoja wetu, kuli na mlinzi vilevile, akiuliza: "Kazi yako inaanzia wapi, na inaishia wapi?" Majibu yetu ndiyo yamezaa mwongozo huu wa kurasa thelathini na mbili. Unaeleza jinsi ya kuunda kundi, kulipa jina na ruhusa, kuingiza mtu na kumtoa. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Kundi linafuata kazi ya mtu, halifuati umri wake."

Siku alipokwenda kumwambia Mzee Hamud kwamba anahamia Watazamaji, sote tulijifanya tuna shughuli stoo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaani nitauona mzigo wangu bila kuweza kuuharibu? Mbona hukusema mapema, mwanangu!"

Tangu siku hiyo hakuna kundi lililofutwa kwa bahati mbaya. Tunatembea vifua mbele, na tunasema hivyo bila kuona haya.

CHANGAMOTO

Feni ya chumba cha kompyuta inazunguka inapojisikia. Hiyo tumeizoea.

Tusiyoweza kuizoea iko ukurasa wa kumi na tisa: mwenye mkataba wa muda huondolewa na mfumo wenyewe siku mkataba wake unapokwisha. Ni kanuni nzuri, na aliyeiandika ni Jovitha. Mkataba wake unakwisha keshokutwa. Barua ya kumwajiri iko ofisini kwako tangu Machi, inasubiri saini.

Tulimwomba ajitoe kwenye kanuni hiyo, maana uwezo anao. Akakataa. "Nikijipitisha mlango wa nyuma leo, kesho nitamzuia nani?" Tulimkasirikia sana, Mama. Tulijivunia pia kuwa naye.

MAOMBI

Tulikuja na maombi saba. Tumeyafuta sita, la feni likiwemo.

Lililobaki ni hili. Kwa mujibu wa ukurasa wa ishirini na mbili, anayeweza kumwingiza mtu kundi la Wafanyakazi wa Kudumu ni Mkurugenzi peke yake. Hatua ni tano. Mlinzi wetu Godbless alizifuata jana kwenye kundi la majaribio, akamaliza kwa dakika tatu, na yeye anaandika kwa kidole kimoja. Kompyuta iko mezani kulia kwako, imewashwa. Nakala ya barua iko chini ya kitabu unachokizindua, pamoja na kalamu.

Jovitha hajui kwamba tunasoma haya. Tumemtuma maji ya kunywa ya wageni, na duka tulilomwelekeza liko mbali kidogo. Tungependa akirudi akute jina lake limeshahama.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akubarikie kizazi chako na kazi ya mikono yako, na akufikishe nyumbani salama, baada ya hatua ya tano.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ghala la Pamoja, Kariakoo,
makundi yote.