Yavuyavu Ambaye Hakuwapo San Gervasio

Mheshimiwa Kapitan Dimaunahan, mkuu wa mtaa wetu wa San Gervasio, Baba Padre Anselmo, waheshimiwa wajumbe wa baraza la mtaa, walimu wangu, wazazi, ndugu wageni waalikwa mliotoka mtaa wa pili, ambao tunajua mmefuata chakula na hatuwalaumu, wanariadha wenzangu wa klabu yetu ya triathloni, na wewe, Mwalimu Teofila Dimayuga, mgeni wetu wa heshima, uliyeketishwa hapo mbele na shada la maua shingoni kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu:

Kabla sijamshukuru mtu yeyote, nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote kwa mdomo wangu. Siku ile ya triathloni, wiki sita zilizopita, mimi sikuumwa na yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini kama uji ambaye mikia yake inachoma. Si yavuyavu mkubwa, si mdogo. Hapakuwa na yavuyavu.

Kapitan, tafadhali, naomba ukae. Bado niko ukurasa wa kwanza.

Mnanifahamu. Mimi ni Hiyas, binti wa Macatangay wa karakana ya pikipiki, yule ambaye mkimsalimia anaitazama miguu yake. Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, na mimi nimejifunza kunyamaza kwa zote mbili. Waliponiteua nimuage Mwalimu, kocha wetu, kwa niaba ya klabu, nadhani walitaka hotuba fupi. Nawaomba radhi. Hapa pembeni nimejiandikia: subiri wacheke. Hamkucheka. Naendelea.

Ndugu wageni waalikwa, mwanzo wa yote ni bango. Sisi watu wa San Gervasio mtoto akifaulu mtihani tunatundika bango, akipata kazi melini tunatundika bango, na nasikia kuna mmoja alitundikiwa kwa kupona tetekuwanga. Mila nzuri. Lakini ni mtaa gani mwingine duniani unaomtundikia mtu bango la ushindi siku nne kabla ya mashindano? Mwenye duka la kuchapisha alisema wiki ya sikukuu ya mtakatifu somo wa mji atakuwa amefunga, basi baraza likakaa, likaamua kwa kauli moja kwamba nitashinda. Nikaamka asubuhi nikakuta pale kwenye tao la kuingilia: HONGERA HIYAS, FAHARI YETU. Picha yangu ilikuwa ile ya darasa la sita, nikiwa sina jino, na ukubwa wake kama sahani. Ya Kapitan ilikuwa ukubwa wa mlango. Hatulalamiki. Hata hili la leo nyuma yangu ni la kumuaga Mwalimu, na mgeni akiliona atadhani anayestaafu ni Kapitan.

Basi nikaenda mashindanoni nikiwa nimeshashinda. Je, mmewahi kujaribu kuogelea mkiwa mmeshapongezwa? Ni kama kuogelea na sketi.

Majini sikufanya vibaya. Nilitoka wa nne kati ya wasichana, na Mwalimu alikuwa ufukweni ananipigia kelele zake za upendo: "Hiyas! Acha kuogelea kama kabati! Ogelea kama una mahali pa kwenda!" Kwenye baiskeli nikashuka hadi wa kumi na moja, nikaanguka mara moja kwenye kona ya soko, goti likachubuka. Mpaka hapo ni mambo ya kawaida. Msiba wangu ulianzia kwenye kukimbia, kwa sababu waandaaji, watu wa mjini wasiotujua, walipitisha njia ya mbio katikati ya mitaa yetu, siku yenyewe ya sikukuu, saa nne asubuhi, milango yote iko wazi na masufuria yote yako mezani.

Nyinyi mnajua. Siku ya sikukuu hupiti mbele ya nyumba ya mtu bila kuitwa, na ukiitwa huendi zako.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shangazi wa mtaa mzima, Tita Purita. Yuko pale nyuma, anajifunika uso kwa upepeo.

"Ala eh, Hiyas! Unapita kama hutujui? Ingia ule!"

"Tita, niko kwenye mashindano."

"Mashindano yanakimbilia wapi? Lomi itapoa."

Mimi ni mtu ambaye hajawahi kumkatalia mtu mzima jambo lolote. Nikasimama mlangoni, namba kifuani, jasho linanidondoka, nikala vijiko vitano vya lomi, zile tambi nzito za moto. Nikasema asante nikakimbia. Hatua ishirini mbele, mama mwenye nyumba ya pili ameshika kiuno getini.

"Nimekuona! Kwa Purita umekula, kwangu unapita? Lomi yangu ina nini?"

Hapo sasa, waheshimiwa, ningefanyaje? Ukishakula nyumba ya kwanza, ya pili ni deni la heshima, na ya tatu imekuona ukila ya pili. Kufika nyumba ya nne nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti, nimewekewa ngozi ya nguruwe wa kuchoma, na babu mmoja amenipa kipaza sauti cha karaoke. Naam, niliimba. Beti mbili. Mimi, ambaye kanisani hufungua mdomo tu bila kutoa sauti, niliimba mbele ya familia nzima ya watu nisiowajua, huku wanariadha wakipita barabarani na mmoja wao akinipigia makofi.

Mnacheka sasa. Ningependa niishie hapo, mcheke, mseme maskini, ni haya zake tu. Lakini hata huo si ukweli wote, na nimechoka kuwapa nusu.

Ukweli ni kwamba yule mama wa nyumba ya pili, baada ya kunigombeza, aliiona namba yangu akajishika mdomo. Akasema, "Kumbe kweli unashindana! Nenda, mwanangu, kimbia, nitakufunikia sahani." Alinifungulia geti kwa mkono wake mwenyewe. Nami nikasema, "Hapana Tita, nakula kidogo tu." Nikavuta kiti.

Nilivuta kiti kwa sababu nilikuwa nimehesabu migongo iliyonipita. Nilikuwa wa kumi na tisa, kiuno kinaniuma, na njia ya kurudi inapita chini ya lile bango. Mtu anayekimbia wa kumi na tisa ameshindwa na kila mtu anamwona. Lakini mtu anayekula, anakula tu. Kila kijiko nilichotia mdomoni kilikuwa kinanisogezea mbali ule mstari wa mwisho, na nilipokuwa naimba, Mungu anisamehe, nilikuwa na raha.

Nilipofika mwisho, lile tao la puto la mstari wa mwisho lilikuwa limetolewa upepo, limelala barabarani kama mlevi, na vijana wawili wanakunja kamba. Washangiliaji wote walikuwa wameenda kula. Aliyebaki alikuwa mtu mmoja, amesimama juani mstarini, na saa yake mkononi bado inahesabu. Mwalimu Teofila ana miaka sitini na saba. Alikuwa amesimama pale saa moja na nusu.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningesema kweli. Aliniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mwanangu, umepatwa na nini?"

Nikasema, "Yavuyavu."

Akaliona goti jekundu. Akakimbia, kwa yale magoti yake, mpaka kwenye kibanda cha vyakula, akanyakua chupa ya siki, maana siki ndiyo dawa ya yavuyavu, akanimwagia yote mguuni. Sasa, ile haikuwa siki ya dawa. Ilikuwa siki ya kuchovyea samaki, imejaa pilipili na vitunguu saumu. Ilipoingia kwenye mchubuko nililia machozi ya kweli, na watu waliorudi kutoka kula wakaona kwa macho yao jinsi yavuyavu alivyo mkali. Hivyo ndivyo uongo wangu ulivyopata mashahidi.

Na nyinyi nanyi, samahani kusema, mliupokea kama mgeni wa sikukuu. Wiki haijaisha, Kuya Isko muuza barafu akaapa amemwona yavuyavu wa ukubwa wa sufuria ya harusi. Bibi yangu akawaota wawili. Padre akabariki bahari, akalowa hadi magotini. Kapitan akatundika bango ufukweni, HATARI, MARUFUKU KUOGELEA, na picha yake akitabasamu. Mafunzo ya kuogelea ya Jumamosi yakafungwa. Kisha Mwalimu akaandika barua, ile ambayo Kapitan ametusomea leo kwa sauti nzuri: "Sikuyakagua maji kabla ya kumwingiza mtoto wa watu. Asiyekagua maji hafai kufundisha. Najiuzulu."

Aliyakagua. Nilimwona. Aliingia majini alfajiri kwa gauni lake la kuogelea la maua, akazunguka eneo lote kwa ule mtindo wake wa kuogelea, ambao kwa heshima zote unafanana na mtu anayetafuta funguo zilizoanguka. Maji yalikuwa safi. Alirudi nyumbani akaamini maneno yangu kuliko macho yake.

Ndugu wageni, leo mmesikia sifa nyingi za Mwalimu: vikombe, medali, barua za wilaya. Niruhusuni niongeze moja ambayo haimo kwenye ratiba. Katika mtaa wetu kuna nyumba tatu zenye picha ya mtoto ukutani, mtoto aliyechukuliwa na bahari. Tunazijua nyumba hizo, hatuhitaji kuzitaja. Picha ya mwisho ilitundikwa miaka ishirini na mbili iliyopita, na mwaka uleule Mwalimu akaanza kuwakusanya watoto kila Jumamosi, bila kuombwa na mtu, na kuwafokea mpaka waelee. Tangu hapo hakuna picha iliyoongezeka. Nina miaka kumi na sita; sijawahi kuishi katika mtaa unaozika watoto wa maji. Hiyo ni sifa gani, na itatosha bango gani?

Jumamosi iliyopita nilimkuta Ning, yule wa miaka saba, mtoto wa fundi cherehani, ameingia baharini upande wa mawe. Peke yake. Nikamtoa kwa mkono, nikamuuliza anafanya nini huku kubaya. Akaniita dada, akanijibu, "Ate, kule kwetu kuna yavuyavu. Huku hakuna bango."

Nilikuwa tayari nimeandika hotuba ya leo. Nzuri sana, ina maneno "nguzo" na "taa". Niliichana nikaanza hii.

Jana mchana nilikuwa naiandika mezani jikoni, na kila aliyepita nilikuwa naifunika kwa kitabu cha hesabu. Kaka akapita, nikafunika. Bibi akapita, nikafunika, ingawa Bibi hasomi bila miwani na miwani aliikalia mwaka juzi. Kisha nikasikia ndara za mama yangu, Nanay, zinakuja mlangoni, zinaburuzika vile zinavyoburuzika akiwa amebeba nguo za kufua. Mkono ukaenda kwenye kitabu. Nikautazama. Nikaurudisha mapajani, na karatasi nikaiacha wazi pale mezani, maandishi juu.

Nanay akasoma amesimama, beseni kiunoni. Akasoma yote. Kisha akaniuliza, "Kwa Purita ulikula vijiko vitano tu?"

"Ndiyo, Nanay."

"Mwenyewe kaniambia mabakuli mawili."

"Nanay!"

"Nauliza tu." Akaweka beseni chini, akakaa. Halafu akasema, "Watakusema mpaka Krismasi."

"Najua."

"Utaisoma kweli?"

"Sijui."

"Vaa gauni la bluu. La kijani linaonyesha jasho."

Nimevaa la bluu. Haisaidii.

Kapitan, nakuomba mbele ya mtaa wote uteremshe bango la ufukweni. Picha yako itapata mahali pengine, haijawahi kukosa. Padre, nitakuja kwenye kitubio, ingawa sasa umeshasikia yote na labda tufanye kifupi. Kuya Isko, yule wa ukubwa wa sufuria ni wako mwenyewe, jieleze kivyako.

Na wewe Mwalimu. Ukitaka kustaafu, staafu kwa sababu ya magoti. Staafu kwa sababu umechoka kupiga kelele, au kwa sababu sisi ni wazito na kila mwaka wanakuletea wazito zaidi. Tutalia, tutakula, tutakuacha upumzike. Lakini usiondoke kwa kosa la mdudu ambaye hakuwapo. Wa kuulizwa habari za maji yale ni wawili: wewe uliyeyakagua vizuri, na mimi niliyesema uongo. Kama lazima mmoja aache klabu, barua yangu ninayo hapa, imekunjwa ndani ya hii hotuba, na ni mstari mmoja tu. Ipokee, na watoto wa Jumamosi uwachukue tena.

Wote waliomaliza siku ile walikusubirisha dakika chache. Mimi nilikusubirisha saa moja na nusu juani, kisha nikakupa lawama ya kubeba. Sikuwa na ujasiri wa kumaliza wa mwisho mbele ya watu. Leo nadhani nimemaliza wa mwisho mbele ya watu wengi zaidi, na bado nimesimama.

Wenzangu wa klabu, asanteni kwa kunichagua, hamtarudia. Waheshimiwa na wageni wote, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa kutonikatiza, isipokuwa Kapitan. Mwalimu, usinyanyuke. Nashuka mimi, nakuja hapo ulipo, na unigombeze kwa sauti yako ile kubwa.