Kofia Zilizoalikwa kwenye Uzinduzi

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wa meza kuu, ndugu wageni waalikwa, nanyi mafundi wenzangu mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha: salamu zangu ziwafikie kwa mpangilio huo huo, tusije tukaharibu ratiba.

Nimeombwa, nikiwa mwenyekiti wa chama cha mafundi, nimpongeze msimamizi wa ujenzi wa zahanati hii kwa tuzo ya ubora na usalama. Nampongeza. Nani kati yenu amewahi kuona ukuta wa mbele unaong'aa namna hii? Kila kigae kiligongwa kikasikilizwa, na kilicholia vibaya kiling'olewa. Ndiyo maana tunamwita Bwana Mng'aro. Laiti angemsikiliza fundi kama anavyokisikiliza kigae!

Asubuhi hii nilizunguka nyuma, ambako wageni rasmi hawapelekwi. Dada yetu mpiga plasta alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi, kichwa wazi.

"Dada, kofia yako ngumu iko wapi?"

"Imealikwa kwenye uzinduzi, kaka. Mimi sikupata kadi."

Waheshimiwa, ndizo hizo mlizovaa. Zinawapendeza. Lakini hapo chini ya turubai mnaogopa kuangukiwa na nini, hotuba yangu?

Nikamwuliza mbona jukwaa linayumba.

"Mabomba ya kulikaza ndiyo yanashikilia turubai lenu. Bosi kasema sherehe ikiisha yatarudi."

"Na wewe ukakubali kupanda?"

"Ningekataa angepanda mwingine. Halafu usiwe na wasiwasi, kaka: nikianguka nitaangukia huku nyuma, sitawaharibia picha."

Alicheka. Mimi nilishindwa.

Huo ndio uwiano tunaoutunuku leo: ubora umepakwa rangi ukawekwa mbele, usalama umeazimwa na watu ambao hawatapanda hata ngazi. Bwana Mng'aro, usinikonyeze, wala usimtume mshereheshaji aje kuninyang'anya kipaza sauti. Dada yetu yuko juu hata sasa. Mkinyamaza mtasikia mwiko wake ukutani. Je, fundi akifa chini ya ukuta usio na ufa, ukuta huo tutauita bora?

Mheshimiwa, tafadhali weka mkasi wa utepe mezani. Kwanza huyu mwanamke ashuke. Kisha tutoke sote humu, turubai lishushwe, mabomba yarudi kwenye jukwaa na kofia kwa wenyewe. Jua litatuchoma? Lituchome.

Dada! Shuka, utepe utakungoja!

Mlionisikiliza, ahsanteni. Mlioanza kusimama, ahsanteni zaidi.