Choo Kinachomeza Watoto

Nikutegee kitendawili, mjukuu wangu: nyumba gani hata mfalme huingia peke yake? Ni choo.

Basi juzi kwenye treni, fundi cherehani alimnong'oneza muuza mboga aliyeketi naye kwamba bintiye wa miaka minne anajichafulia nguo, eti choo kitammeza. "Nimemchapa, dada, sasa anajificha nyuma ya mlango."

"Usimchape tena, mdogo wangu. Ingia naye, umshike mkono, umpigie hadithi mpaka amalize. Lakini nani alimwambia choo humeza watoto?"

Fundi akageukia dirishani. Mimi, kiti cha nyuma yao, nikajifanya nasinzia, masikio wima.

Treni iliposimama alinyanyuka, macho chini. "Ni mimi, dada. Nilikuwa nachelewa kazini, nikataka atoke haraka."