Picha Yake na Mgongo Wangu

Fundi mwashi aliketi upandeupande ndani ya basi, bahasha ya picha ya mgongo mapajani, hasira zimemfika kooni. Kando yake alikaa mama mmoja mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Hawakujuana, lakini fundi hakuweza kunyamaza.

"Nimekwenda nikijua nitapasuliwa. Daktari kaona diski kati ya pingili za mgongo imetokeza, halafu ananiambia nikatembee na kufanya mazoezi! Mke wangu si atadhani nakwepa kazi?"

"Mimi zangu zimetokeza mbili," mama akasema. "Zilionekana nilipopigwa picha baada ya ajali. Wala siumwi."

"Huumwi kabisa?"

"Hata chembe."

Fundi akamtazama kama mtu aliyeibiwa. "Sasa picha ina maana gani?"

"Haisemi yote. Kwani miguu inakufa ganzi? Mkojo unakusumbua?"

"Hapana."

"Daktari wangu alisema hizo ndizo dalili za hatari. Basi kisu cha nini, kaka?"

"Ili yaishe, dada! Nimechoka kuvalishwa soksi kama mtoto!"

Basi likasimama kwenye kituo anachoshukia fundi. Akajaribu kuinuka, akarudi chini. Mama akamnyooshea mkono. Fundi akautazama kwa hasira, kisha akaushika.