Orysia Palchuk na Jiwe Lililoungua

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Vueni viatu vya theluji, mimineni kahawa, kaeni. Leo sina sauti ya asali. Leo tunamkumbuka Orysia Palchuk wa Zorivka, mwenyekiti wa klabu ya kaling, mchezo wetu wa kutelezesha mawe barafuni. Orysia Palchuk. Alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na moja. Nitawaambia alikuwa mtu wa namna gani. Na kabla sijamaliza nitawaambia ninyi ni watu wa namna gani.

Tuanze na ukweli. Orysia hakuwa mtu mwepesi kupendwa. Kule mazishini nilimsikia mtu akimwita mama yetu mpole, nusura nipaliwe na kahawa. Mpole wapi? Diwani mmoja aliwahi kukanyaga barafu yake na viatu vya barabarani, akatolewa kwa ufagio mbele ya wapiga kura wake. Aliyekwepa zamu ya jikoni alikuta ufagio wake mwenyewe umefungwa kwa waya juu ya mlango wa choo. Mumewe, marehemu Nestor, alikuwa akisema, "Mke wangu hana adui. Ana orodha ya wanaosubiri." Watu walicheka, halafu wakaangalia nyuma kama anakuja.

Lakini nani aliyeiweka klabu hai? Semeni. Ule mtambo wa kugandisha barafu ulipokufa, nani alikwenda kuung'oa mwingine kwenye klabu iliyofungwa upande wa kaskazini, akaurudisha kwenye lori la ngano? Orysia. Nani aliwaleta watoto wa shule barafuni kila asubuhi, tukapata ruzuku ya watoto? Orysia. Nani aliwashawishi wazee wasioweza kuinama wasukume mawe kwa fimbo, wakiwa wamesimama wima, tukapata na ruzuku ya wazee? Orysia huyohuyo. Na bima ya jengo ililipwa na pierogi, vile viandazi vya viazi vya kuchemsha tunavyouza. Kila Ijumaa wanawake wa Zorivka walikanda unga mpaka mabega yakauma, na yeye akisimama kichwani mwa meza akiwaambia kwamba kingo hazijabanwa vizuri.

Mara moja chama cha mchezo cha jimbo kilimtuma mshauri, kijana mwenye tai, aje kutufundisha namna ya kuendesha klabu ya jamii. Akauliza, klabu yenu ina rasilimali gani? Orysia akajibu, "Mimi na mabati." Kijana akacheka. Orysia hakucheka. Akampa ndoo na bomba la kunyunyizia, akamwambia kama amekuja kusaidia, aanze na barafu ya njia ya tatu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, klabu inahitaji barafu, jengo na mikono ya kujitolea. Inahitaji pia mawe. Zorivka ilikuwa na vyote isipokuwa mawe. Na hapa ndipo hadithi yake inapochacha.

Mnajua wote, lakini nitasema kwa sababu mmejifanya kusahau. Zamani Zorivka na Hasketh walichanga pamoja wakanunua seti nzima ya mawe mazuri ya matale. Vijiji viwili, seti moja. Msimu mmoja mawe yanalala huku, msimu mwingine kule. Orysia alikuwa nahodha wa Zorivka. Mdogo wake wa tumbo moja, Wasyl Danyluk, alioa Hasketh akawa mfagiaji wao, yule anayesugua barafu mbele ya jiwe ili liteleze. Dada huku, kaka kule. Walitaniana mwaka mzima, na baada ya mechi walikaa meza moja, kwa sababu desturi yetu haina mjadala: mnapeana mikono kabla, mnapeana mikono baada, na aliyeshinda anamnunulia aliyeshindwa kinywaji cha kwanza.

Ikafika fainali ya kufunga majira ya baridi, huko Hasketh. Ni miaka ishirini na mbili sasa. Mimi nilikuwa sijahamia huku, lakini nimesimuliwa na watu wengi mno. Jiwe la mwisho lilikuwa la Hasketh. Wasyl alikuwa akifagia mbele yake, ameinama, anakimbia. Ufagio wake ukaligusa. Kidogo tu. Jiwe likapinda, likaenda kukaa katikati kabisa ya duara la shabaha.

Mchezo wetu hauna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Ufagio wako ukigusa jiwe, umeliunguza, na wewe mwenyewe unainua mkono unasema, "Nimeunguza." Unasema hapohapo. Hata mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Orysia alisimama kwenye duara akamwangalia mdogo wake. Akangoja. Wasyl akaangalia ufagio wake. Hakusema kitu.

Hasketh wakashinda. Wasyl akanyoosha mkono. Orysia akampa kisogo, akavua viatu vya barafu, akaondoka bila kumpa mkono mtu yeyote. Mezani Wasyl alikuwa ameshanunua vinywaji viwili. Cha dada yake kilikaa mpaka povu likaisha.

Basi. Huo ndio ugomvi wote. Mmoja hakusema neno, mwingine hakutoa mkono. Kwa watu wa mchezo mwingine hilo ni la kucheka. Kwetu, makosa hayo mawili ni kama kutemeana mate usoni.

Mawe yakabaki Hasketh. Zamu ya Zorivka ilipofika hayakuja, na Orysia akakataza mtu yeyote asiende kuyaomba. Akaanza kuazima mawe kwa chama cha jimbo, msimu baada ya msimu. Kisha theluji nzito ikaangusha paa la ukumbi wa Hasketh. Wasyl akayahamishia mawe yote kwenye banda lake la matrekta. Tafakarini upuuzi huu. Kijiji kimoja kina barafu hakina mawe. Kingine kina mawe hakina barafu. Kati yao kuna mwendo wa kikombe cha kahawa, na ndugu wawili walionuniana.

Na sisi je? Sisi tulikuwa na methali. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Tukashika jembe. Tukalima kweli.

Mwaka jana chama cha jimbo kikasema kinataka mawe yake, kuna klabu mpya mjini. Kikasema pia ruzuku ya kutengeneza mtambo itakwenda kwa klabu yenye mawe yake yenyewe. Halmashauri ya Zorivka nayo ikaongeza chumvi kwenye kidonda: bila mawe kufikia mwaka mpya huu unaokuja, ukumbi utageuzwa ghala la magari ya kuzoa theluji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mawe yapatikane, au klabu ife.

Binti wa Orysia, Lesia, alimwendesha mama yake hadi Hasketh. Lesia ndiye aliyenisimulia. Anasema mama yake alikaa ndani ya gari, injini inanguruma, hakushuka. Wasyl akatoka bandani akifuta mikono kwa tambara, akaja akasimama kwenye dirisha. Hawakusalimiana.

"Mawe yanafanya nini?" Orysia akauliza.

"Yanakula vumbi."

"Sema lile neno, nitayachukua leo."

"Na mkono wangu uko wapi, dada? Nilikungoja mezani usiku ule. Ningekwambia palepale, ungekaa tu."

"Neno kwanza. Mkono unafuata."

"Kwangu mkono kwanza."

Orysia akamwambia binti yake, "Twende, barafu inanisubiri." Lesia akamwambia mama, tafadhali, ni mdogo wako. Orysia akajibu, "Ndiyo maana."

Mwaka huu, mavuno ya kanola yalipoisha, akaanza kutengeneza barafu. Hakuwa na jiwe hata moja. Watu walimcheka. Mmoja wenu, na jina lake ninalo, alisema kwenye duka la vipuri kwamba Mama Palchuk sasa anagandisha maji ya kuangalia tu. Orysia akasikia. Akaendelea. Akamwaga tabaka baada ya tabaka, akachora maduara, jekundu na buluu, akapiga magoti na brashi akiwa na umri ule. Tabaka la mwisho alilimwaga Jumatano. Alhamisi asubuhi Lesia alimkuta kitandani, amefariki. Moyo. Bado alikuwa na rangi ya buluu kwenye kucha.

Chakula cha mazishi kililiwa palepale ukumbini, kwenye chumba cha juu nyuma ya kile kioo kikubwa, chumba ambacho watu hukaa kutazama mechi. Chini yetu barafu yake, nyeupe, haijaguswa. Tulikula kabichi za kukunja tukaisifia. Mimi nilikuwepo. Zorivka wote walikuwepo, na Hasketh wengi.

Ndipo Wasyl akaingia. Hakuwa kanisani. Alisimama mlangoni na koti lake la kazi, kofia mkononi. Nje kulikuwa na gari lake na tela nyuma, na kwenye tela mawe, yote, yamefunikwa blanketi. Lesia akaenda akasimama mbele yake. Hakumkaribisha.

"Mjomba, umekuja na mawe."

"Nimekuja na mawe."

"Mama hakuwa akidai mawe."

Wasyl, mzee wa watu, akaiweka kofia mezani. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini chumba kizima kilisikia: "Niliunguza. Lile jiwe niliunguza."

Mngetegemea ukumbi ushtuke. Haukushtuka. Watu waliangalia sahani zao. Halafu mzee mmoja wa Hasketh, Ansgar Lindqvist, mtu mwema, msoma ibada kanisani, akasema kwa upole, kama anayemfariji mwenzake: "Tunajua, Wasyl. Tuliona wote siku ile, kupitia kioo cha ukumbi wa kwetu."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo Lesia alipogeuka. Alimwacha mjomba wake, akatugeukia sisi.

"Wote?"

Mama mmoja wa Zorivka, mkanda pierogi wa kila Ijumaa, akaanza kulia.

"Mama amekufa akidhani ni yeye peke yake aliyeona," Lesia akasema. "Miaka yote hii alikuwa akiniuliza, labda macho yangu? Labda nilitaka tu kushinda? Na ninyi mlikuwa mnakula hapa, kwake, na mnajua."

Ansgar akajaribu kusema walikuwa hawataki kuingilia mambo ya ndugu. Lesia hakumwacha amalize. Akamwambia, "Weka sahani chini, Mzee Ansgar. Wote wekeni sahani chini. Mliokuwa nyuma ya kioo siku ile, tokeni mkabebe mawe."

Na wakatoka. Kwenye baridi ile, wamevaa suti za mazishi na viatu vya kanisani, wakayabeba mawe kwa mikono, moja moja, wakiinama, wakihema. Kila jiwe ni mzigo wa kuvunja mgongo. Waliyapanga kando ya barafu. Wasyl naye alibeba. Alibeba mengi kuliko wote, mpaka daktari akamshika bega.

Lilipoingia jiwe la mwisho, Wasyl akamwendea Lesia, akanyoosha mkono. Nilikuwa karibu. Sote tulidhani atauchukua. Tulitaka auchukue, mnajua, ili twende nyumbani tukalale vizuri.

Lesia aliuangalia. Akasema, "Mkono wa kukupa alikuwa nao Mama, Mjomba. Ameondoka nao."

Akaenda kuzima jiko.

Kwa hiyo klabu imepona. Nasema tena kwa wale mliochelewa kuwasha redio: klabu ya Zorivka imepona. Mawe yako barafuni, fomu ya ruzuku imekwenda, na Jumamosi ijayo watoto wa shule watarusha jiwe la kwanza. Halmashauri itafute ghala kwingine. Na Orysia Palchuk, aliyeifanya barafu hiyo, hatakuwepo kuwafukuza wenye viatu vichafu.

Mtaniambia alikuwa na roho ngumu. Alikuwa nayo. Angeweza kunyoosha mkono, angeweza kukaa kwenye ile meza, na mimi siwezi kumtetea kwa hilo. Lakini yeye na Wasyl walikuwa wawili. Ninyi mlikuwa chumba kizima. Mtu mmoja tu, yeyote, kwenye foleni ya posta, kwenye mlango wa kanisa, angemwambia, "Orysia, macho yako hayakukudanganya, hata mimi niliona," na huenda angelala. Huenda angekaa mezani. Mlimwachia mwanamke mmoja aubebe ukweli wa vijiji viwili, kisha mkamcheka kwa sababu amekunja uso.

Natoa pole kwa Lesia Palchuk na wanawe. Lesia, pole sana. Natoa pole kwa Wasyl Danyluk, na ninaitoa kwa moyo, kwa sababu alichelewa lakini alisema. Ninyi wengine sina pole ya kuwapa.

Katika kipindi hiki, mtu akiondoka, tuna desturi ya kukaa kimya dakika moja kwa heshima yake. Leo hatutakaa. Kimya mmeshamkalia Orysia vya kutosha. Laini ya simu iko wazi. Mliokuwa nyuma ya kioo, nawasubiri.